Mfugaji Mwadilifu wa Mbezi Luis

Gaspar aliipata biashara ya mbwa akiwa anakunywa supu isiyokuwa yake. Ilikuwa asubuhi, Chang'ombe, kwenye banda la mama ntilie nyuma ya karakana za kuchomelea mageti. Supu ilikuwa ya rafiki yake Venance, mlinzi wa ghala la jirani, ambaye alikuwa amekwenda kunawa mikono. Meza ya pembeni walikaa mabwana wawili, funguo za magari zimelala mezani ili zionekane, na mmoja alikuwa anasimulia jinsi alivyonunua mbwa.

"Wa Kijerumani, mbegu safi. Nimemsubiri miezi saba."

"Miezi saba? Mbwa?"

"Na kabla ya kunipa wakanihoji. Nina ukuta? Nani anashinda nyumbani? Nilishawahi kufuga? Wakaja mpaka kwangu kukagua. Jirani yangu walimnyima kabisa."

"Sasa wewe ulifanyaje?"

"Nikawashukuru."

Gaspar aliweka kijiko chini. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameuza viwanja vyenye wenyewe, simu zenye kipande cha sabuni ndani, na mafuta ya kuotesha ndevu, na muda wote huo ni yeye aliyekuwa akihojiwa. Kumbe ipo biashara ambayo muuzaji ndiye anayeuliza maswali, na mnunuzi anatoa pesa na kuongeza asante juu yake.

Msomaji asimhukumu haraka, maana safari hii Gaspar alikuwa na sababu. Alikuwa anampenda Anna. Alimpenda kweli, kwa namna iliyomshangaza hata mwenyewe, kwani katika mwaka mzima hakuwa amemuuzia kitu chochote. Anna alisomea mifugo na alikuwa na duka la dawa za wanyama pale Mbezi Luis, hatua chache kutoka kituo kikuu cha mabasi. Mwezi uliopita Gaspar alipeleka barua ya posa kwao Ukonga, karatasi nzuri, bahasha nzuri, mshenga mwenye koti. Jibu la Mzee Petro, baba yake Anna, lilikuwa mstari mmoja: "Kazi ya kijana haieleweki."

Mzee Petro alikuwa mtu wa Njombe, askari magereza mstaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa amekaa na watu wenye maneno matamu kama ya Gaspar, ila wale walikuwa wamevaa sare. Alimwambia mshenga kwamba atakuja kuiona hiyo kazi kwa macho yake mwezi wa sita, Jumamosi atakayoitaja mwenyewe, na kama hataona kazi, Anna asitajwe tena nyumbani kwake.

Kwa hiyo Gaspar alihitaji kazi inayoeleweka, na mtaji wa kuanzia maisha, kwa mpigo mmoja. Akaikuta kwenye bakuli la Venance. Kilichokosekana ni kitu kidogo tu, nacho ni mbwa.

Watoto wa mbwa aliwapata siku ileile chini ya kontena bovu mita arobaini kutoka pale alipokunywa supu. Walikuwa sita, wa rangi ya udongo na majivu, wanene, wana wa mbwa koko mwenye manyoya ya njano aliyekuwa akiishi kwa mifupa ya banda la supu. Mama mwenye heshima zake alipatikana kwa urahisi zaidi: ghala la Venance lilikuwa na mbwa wa Kijerumani wa kweli, anaitwa Frida, masikio wima, kifua mbele, na siku za mapumziko Venance ndiye aliyekaa naye. Kwa ahadi ya supu ya kila wiki Frida akakubaliwa kuwa mzazi.

Mahali napo palikuwepo. Gaspar alikuwa analinda pagale la mtu anayeishi Mwanza, nyuma ya kituo cha mabasi, nyumba isiyo na bati lakini yenye ukuta na geti. Kwenye geti akatundika kibao: MFUGAJI MWADILIFU WA MBWA WA MBEGU SAFI. USAILI KWA MIADI. Hilo neno mwadilifu alilipenda sana, akalisoma mara tatu akiwa amesimama barabarani.

Zilibaki kadi za chanjo. Akaenda dukani kwa Anna.

"Naomba kadi sita," alisema.

"Za nani?"

"Za mbwa. Mie sasa hivi ni mfugaji, Anna. Mambo yamebadilika."

"Mbwa wenyewe wako wapi?"

"Watakuja. Tuanze na kadi."

Anna alikuwa anapima dawa ya kuku, hakuinua macho. "Humu kadi haitoki bila mbwa. Walete."

Akawaleta kwenye boksi la sabuni. Anna akawatoa mmoja mmoja, akawaangalia midomo, matumbo na mikia, ambayo ilikuwa imeanza kujikunja kwa juu.

"Mama yao yuko wapi?"

"Frida. Wa Kijerumani, ana ukoo wake kabisa, bibi yake alikuwaga—"

"Gaspar. Mama yao."

Kuna watu ambao huwezi kuwadanganya kwa sababu ni wakali, na kuna ambao huwezi kwa sababu wanakungojea umalize. "Chang'ombe," alisema Gaspar. "Chini ya kontena."

"Kamlete. Hawa wana wiki nne, hawatengwi na mama. Leo nawapa dawa ya minyoo. Chanjo baadaye, na utazilipia."

"Si ungeandika tu kwamba—"

"Siandiki kitu ambacho sijakifanya."

Kwa hiyo yule mbwa wa njano akapanda bajaji kutoka Chang'ombe hadi Mbezi, safari iliyomgharimu Gaspar maneno mengi kwa dereva. Anna akamwita Mama Sita, kwa idadi ya watoto wake. Akakaa uani nyuma ya pagale, akanyonyesha, akapewa uji wa dagaa. Mwanzoni Gaspar alipika uji huo kwa kulalamika. Baada ya wiki mbili alikuwa anauonja kama una chumvi nyingi. Tusimsifu mapema, lakini ni haki kuandika kwamba aliuonja.

Siku moja alimwonyesha Anna mkataba wake. Alikuwa ameutoa kwenye mtandao na kuutafsiri mwenyewe, vifungu kumi na viwili, pamoja na fomu ya maswali ya kumhoji mteja. Anna akausoma mara mbili.

"Hiki kifungu cha tisa umekielewa?" aliuliza, akakisoma kwa sauti: "Mfugaji mwadilifu atampokea mbwa wake wakati wowote wa uhai wake, bila kuuliza sababu, na kurudisha gharama yote."

"Hicho ni cha kupendezesha. Mtu na gari lake atasimama mbele za watu aseme ameshindwa kufuga mbwa? Hawezi. Wale wana aibu zao."

Anna akatabasamu, akaomba nakala. Gaspar alirudi nyumbani na furaha tele. Aliamini kwamba mwanamke akiomba nakala ya mkataba wako, hayo ni mapenzi, na katika hilo hakukosea.

Usaili ulianza Jumapili. Mama Sita alifungiwa uani, Frida akakaa barazani kama mama mkwe aliyelazimishwa kuhudhuria sherehe. Mteja wa kwanza alikuwa Bwana Nikodemu, mhasibu mstaafu mwenye nyumba ya ghorofa moja na miwani ya kamba. Gaspar alivaa koti jeupe. Hakumkaribisha kiti.

"Kwa nini unataka mbwa?" alimuuliza.

"Ulinzi," alisema Nikodemu. "Na jirani yangu anaye."

Gaspar akaandika, kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe. "Jirani anaye. Sawa. Una ukuta?"

"Upo. Na nyaya za umeme juu."

"Mbwa utamfunga mnyororo?"

"Mchana labda."

Gaspar akafunga faili. "Asante kwa kuja, mzee wangu."

"Ngoja kwanza. Nimesema labda. Simfungi."

"Nani anashinda nyumbani?"

"Mimi mwenyewe. Nimestaafu, ninashinda nikiangalia ukuta."

"Ukisafiri?"

Bwana Nikodemu, ambaye katika ajira yake alikuwa amewatoa jasho wakaguzi wa hesabu, akaanza kutoka jasho yeye. Akaahidi kutosafiri. Akaangalia watoto wa mbwa, kisha akamwangalia Frida, ambaye alikuwa amewageuzia watoto mgongo.

"Mbona mama yao hawajali?"

"Ni Mjerumani," alisema Gaspar. "Wanawalea wajitegemee."

"Ahaa."

"Majibu utayapata baada ya siku kumi na nne. Ukaguzi wa makazi utafanyika bila taarifa."

"Asante," alisema Nikodemu, akainama kidogo. "Asante sana."

Gaspar alimsindikiza kwa macho hadi getini. Hakuwa amewahi kusikia asante tamu namna hiyo.

Kadiri alivyokataa watu ndivyo walivyozidi. Alimkataa mkandarasi kwa sababu ya viatu vyake, naye akarudi na viatu vingine. Jenipher, mwenye saluni ya Kimara, aliulizwa kama ana subira, akangoja saa tatu juani kuthibitisha. Watoto walipofika miezi miwili, wakiwa wamechanjwa na wana kadi zao halali, wote sita walikuwa wamepata wenyewe. Mikataba ikagongwa mhuri na Mama Farida, mjumbe wa mtaa, aliyefurahi kuona kijana anafanya mambo kwa maandishi. Fedha zote ziliingia kwenye simu ya Anna, kwa sababu laini ya Gaspar ilikuwa imefungwa tangu yale mambo ya mafuta ya ndevu.

"Nitunzie," alimwambia. "Ni za kwetu."

"Nitazitunza," alisema Anna.

Hesabu za Gaspar zilikuwa hivi. Masikio ya mbwa wa Kijerumani husimama akifika miezi mitano hivi. Mwezi wa sita, kabla mtu hajaanza kujiuliza, Mzee Petro atakuwa amekuja, ameona kibao, koti na Frida, ameridhika. Kisha kibao kitashuka na Gaspar atakuwa bwana harusi.

Alichosahau ni kwamba watu sita wa Dar es Salaam hawawezi kununua kitu kimoja bila kuunda kamati. Ndani ya wiki moja wanunuzi walikuwa na kundi la WhatsApp, Familia ya Frida. Nikodemu akawa mwenyekiti, Jenipher katibu. Wakaitana ndugu, kwa kuwa mbwa wao ni ndugu. Anna akaingizwa kama daktari wa familia, naye ndiye aliyemwonyesha Gaspar picha za humo.

Mbwa wakaingia mwezi wao wa tano, masikio yakabaki chini. Hapo ndipo Gaspar alipoona jinsi alivyowajua vizuri watu wake, maana hakuna aliyesema. Nikodemu alitupia picha ya mbwa wake masikio yamesimama wima, akaandika: "Damu haidanganyi." Dakika ishirini baadaye wote sita walikuwa na picha za masikio wima. Wengine walisimamisha kwa vijiti vya meno, wengine kwa gundi ya kope, na mkandarasi kwa njia za kitaalamu. Kila mmoja alilala akiamini kwamba ni mbwa wake peke yake aliye na kasoro.

Kisha Mzee Petro akataja Jumamosi yake.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, pagale lilikuwa limefagiliwa. Frida alikuwepo barazani na Venance pembeni yake amevaa tai. Mzee Petro aliingia na kofia yake, wazee wawili wa ukoo nyuma yake, na Anna mwenye mkoba mkubwa. Mama Farida mjumbe naye alikuwepo, Anna alikuwa amemwalika.

"Shikamoo baba," alisema Gaspar.

"Marahaba. Kazi iko wapi?"

"Hii hapa, baba. Mie ni mfugaji. Huyu ni mzazi, na hii ni mikataba ya watoto wake, yote ina mhuri."

Mzee Petro alichukua mikataba, akavaa miwani, akasoma kila kifungu kama mtu anayetafuta shimo ukutani. Alipofika cha tisa akatulia. "Hiki ni kizuri," alisema. "Huwa unakitekeleza?"

"Kabisa, baba. Ila haijawahi kutokea mtu akarudisha."

Hapo geti likagongwa. Akaingia Nikodemu na mbwa wake, nyuma yake Jenipher na wa kwake, nyuma yao mkandarasi na wengine watatu, kila mtu na kamba mkononi, kila mbwa na masikio wima.

Gaspar akafunga vifungo vya koti lake jeupe. "Karibuni," alisema. "Kuna nini?"

"Si mmetuita?" alisema Nikodemu. "Daktari kaandika kwenye kundi. Ukaguzi wa masikio, Jumamosi saa nne, kwa mujibu wa kifungu cha tisa."

Gaspar akamtazama Anna. Anna alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake na hakuonekana kuwa na haraka.

Mzee Petro alimsogelea mbwa wa Nikodemu. Miaka thelathini ya kupekua watu haiishi kwa kustaafu. Akashika sikio, akapapasa, akavuta taratibu kipande cha plasta nyeupe. Sikio likaanguka likafunika jicho. Mbwa akajikuna kwa raha kubwa.

Jenipher akainama, akatoa kijiti cha meno kwenye sikio la mbwa wake. "Na mie," alisema. "Nimechoka kumuumiza." Mkandarasi akafungua waya mwembamba. Mmoja baada ya mwingine, masikio kumi na mawili yakalala, na wanunuzi wakaanza kutazamana wakiwa watu wapya.

Wakati huo Anna akaenda kufungua mlango wa uani. Mama Sita akatoka, njano, mkia umejikunja juu. Wale mbwa sita wakachomoa kamba mikononi mwa wenyewe, wakampita Frida bila hata salamu, wakamvamia mama yao kwa kulia na kulamba. Frida alipiga miayo. Ilikuwa mara ya kwanza Gaspar kumwona ameridhika.

"Kumbe koko," alisema Nikodemu kwa sauti ndogo.

Gaspar aliangalia geti. Mzee Petro alikuwa ameshasimama pale, si kwa ubaya, ni mazoea ya kazi. Kichwani mwa Gaspar yakapita maneno kumi na matano, yote matamu, yote yaliyowahi kumtoa mahali pabaya kuliko hapo. Kisha akamwona Anna anamwangalia. Alikuwa anamngojea amalize, kama siku ile ya boksi la sabuni, na safari hii uso wake ulikuwa na hofu. Gaspar akaogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa jambo lolote maishani. Maneno yote yakamwishia.

"Ni koko," alisema. "Niliwadanganya. Mama yao ni huyo wa njano. Kifungu cha tisa kipo, mie nawapokea wote. Pesa zenu anazo Anna."

Anna akashusha pumzi. Akafungua mkoba, akatoa bahasha sita, kila moja ina jina, zimeandaliwa siku nyingi. Gaspar aliziona zinapita mbele yake: harusi, kitanda, friji. Aliyaona yote yakirudi kwa wenyewe kutoka mikononi mwa mwanamke ambaye Gaspar mwenyewe alimkabidhi fedha hizo, bila hata kuombwa. Katika miaka yake kumi na moja hakuwahi kumpiga mtu kwa usafi kama alivyopigwa yeye.

Jenipher aliisukuma bahasha. "Nipunguzie tu. Mbwa simrudishi, ananilaliaga miguuni." Wengine wakachukua bahasha zao, wakaacha kamba, wakatoka. Nikodemu alifika getini, akasimama, akarudi akijifuta miwani.

"Sasa huyu," alisema, "kama ni koko, bei yake inakuwaje?"

"Koko hauzwi, mzee," alisema Anna. "Anaombwa. Ujaze fomu upya."

Nikodemu akajaza fomu upya, amepiga goti kwenye tofali, akaondoka na mbwa wake.

Wageni walipoondoka walibaki mbwa wanne na mama yao, Anna, Mama Farida na wazee wa Ukonga. Gaspar alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti jeupe limejaa nyayo. Alingoja kuambiwa kwamba Anna asitajwe tena.

Mzee Petro akakaa mbele yake. "Hawa mbwa nani aliwalisha kabla ya kuuzwa?"

"Mimi, baba."

"Chanjo?"

"Nililipa mimi. Anna alikataa kuandika bila kuchoma."

"Na hawa wanne sasa?"

Gaspar akawatazama. Mmoja alikuwa anatafuna kamba ya kiatu chake. "Watakaa hapa mpaka wapate watu wa kweli. Na mimi nitauliza maswali ya kweli. Wapo wenye nyumba wanaotaka mlinzi tu, koko anatosha, wanalipa gharama ya chanjo. Nikisaidiwa na daktari, ni kazi."

"Hiyo inaeleweka," alisema Mzee Petro.

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Anna akampa karatasi. Gaspar aliitambua mara moja. Ilikuwa fomu yake ya usaili, lakini kila palipoandikwa mbwa palikuwa pamekatwa kwa kalamu ya bluu, na juu yake, kwa mwandiko wa Anna mwenyewe, pameandikwa Anna.

"Barua yako ya posa ilikuwa na maua mengi," alisema Anna. "Hii ndiyo nzuri zaidi uliyowahi kuandika. Nimeona tuitumie."

Mzee Petro akaanza. Kwa nini unamtaka Anna? Una ukuta? Ukuta ni wako au wa mtu wa Mwanza? Nani anashinda nyumbani? Utamfunga? Ukisafiri? Gaspar alijibu yote, moja baada ya jingine, jasho likimtoka mpaka kwenye kola, na kila alipotaka kupamba jibu Anna alikohoa. Mwisho ukaja mkataba, wenye kifungu cha tisa kilichoandikwa upya: ukoo utampokea Anna wakati wowote wa uhai wake, bila kuuliza sababu. Gaspar akasaini. Mama Farida akapuliza mhuri wake, akaugonga.

Mzee Petro akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akasimama na kuvaa kofia.

"Majibu utayapata baada ya siku kumi na nne," alisema. "Ukaguzi wa makazi utafanyika bila taarifa."

Gaspar naye alisimama. Hakuwa na fedha, hakuwa na koti la kuvaa tena, alikuwa na mbwa watano na kiatu kimoja kisicho na kamba. Akainama kidogo.

"Asante, baba," alisema. "Asante sana."